Namba Aliyoipenda Sista

Saa saba mchana, saa ya kuwaona wagonjwa, Sista alikuwa akisimama mlangoni pa wadi ya wanawake, mikono nyuma, na kila aliyeingia na chakula alijua la kufanya. Unafungua kifuniko cha chupa ya chai, unaisogeza karibu naye, ananusa, unapita. Hakuna aliyemtuma kufanya hivyo. Yeye alikuwa muuguzi mkuu wa wadi, mwenye kazi za kutosha. Lakini alikuwa na pua, na aliiamini pua yake kuliko maneno ya mtu yeyote.

"Hii ni tangawizi, pita. Hii ni majani ya mpera, rudisha nyumbani. Na hii, Mzee, hii ni nini? Umechemsha kiatu?"

Watu walicheka, ila kicheko cha woga. Mzee yule alifunga chupa yake akaiacha nje kwa mlinzi.

Mimi nilimjua kwanza kama jirani. Tulikaa korti moja, yaani ua mmoja wa nyumba zenye geti moja, huku Komarock, Nairobi, milango mitatu kati yetu, kwa miaka mingi. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina. Mchungaji alimwita Sista, mama mboga alimwita Sista, na vijana wa boda pale steji walimwita Sista hata walipokuwa wakimkosea.

"Sista, niaje!"

"Niaje ni ya marafiki zako. Mimi nisalimie."

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Kofia ya kichwa iko wapi? Ama kichwa ni cha kukodi?"

Ukimsikia hivyo ungedhani haogopi kitu. Sisi tuliokaa naye tuliona mengine. Alifunga mlango wake, akafika getini, akarudi kuushika kitasa. Akafika getini tena, akarudi kuangalia gesi. Siku nyingine mara tatu. Kanisani aliketi karibu na mlango, simu mapajani, asije akapigiwa kutoka wadini asisikie. Niliwahi kumuuliza kwa nini hapumziki hata Jumapili. Akaniambia, "Mama Brayo, nikipumzika ndipo ninapokumbuka nilichosahau."

Alikuwa na misemo yake. Mgonjwa akimwambia anajisikia nafuu, alimkatiza: "Usiniambie nafuu. Niambie ulilala saa ngapi na ulikula nini." Jamaa wa mgonjwa akikutwa na mizizi ndani ya mfuko, alihubiriwa mbele ya wadi nzima: "Dawa mbili zisizojuana zikikutana tumboni, mgonjwa ndiye uwanja wa vita." Tuliyasikia mahubiri hayo mpaka kwenye chama cha akina mama, kwenye matanga, hata siku ya kumwombea mtoto. Kwa Sista, mtu wa mitishamba na mwizi wa kuku walikuwa kitu kimoja.

Lakini siku moja nilikwenda kwake kurudisha sufuria, nikagonga, nikasikia "ingia" ya mbali. Nilimkuta ameketi sakafuni, blanketi zima kichwani, mvuke ukitoka pembeni, na nyumba nzima inanuka majani ya mkaratusi. Alitoa uso mwekundu, jasho likimtiririka, mafua yamemziba.

"Hii si dawa," akasema kabla sijafungua mdomo. "Huu ni mvuke."

"Sawa, Sista."

"Na ukitangaza mtaani nitakukana."

Sikutangaza. Niliiweka moyoni kama siri ya kuchekesha, nikijua siku moja nitamtania kwayo.

Ndiyo maana hospitali yake, hospitali ndogo ya kanisa kando ya Barabara ya Kangundo, ilipoamua kumleta tabibu wa tiba asilia ndani ya wadi, mtaa mzima ulisubiri kuona vita. Wakubwa walitaka kujua jambo moja. Je, wagonjwa wa sukari waliolazwa wakipewa tiba asilia juu ya dawa za hospitali, wanapata nafuu zaidi ya wale wanaopewa dawa peke yake? Kila mgonjwa aliyekubali aliokota karatasi iliyokunjwa kutoka kikapuni. Ikiandikwa "na," utapata dawa pamoja na Tabibu: kuoshwa na kulowekwa miguu, kukandwa, chakula alichopanga yeye, na kikombe cha chai yake ya majani jioni. Ikiandikwa "bila," utapata dawa za hospitali basi. Na wa kuuliza maswali kila asubuhi na kuandika majibu kwenye rejista alichaguliwa Sista.

"Wamempa fisi mbuzi achunge," aliniambia, na kwa mara ya kwanza niliona kama anajijua.

Tabibu alikuwa mtu mpole wa Machakos, mikono mikubwa, sauti ya chini. Alichotaka ni beseni safi na muda. Sista alimfuata kitanda hadi kitanda. Kabla mgonjwa hajatia mguu kwenye maji, yeye alichovya kiwiko, kama mtu anayepima maji ya kumwogesha mtoto mchanga.

"Mguu wa sukari hausikii moto," alimwambia. "Utampika huku anakushukuru."

"Ni kweli, Sista," Tabibu alijibu. "Ongeza ya baridi basi." Wala hakuonekana kuchukia. Hilo lilimuudhi Sista zaidi.

Haya yote niliyajua kwa kusimuliwa, mpaka mama yangu alipolazwa.

Mama alikuwa amekuja kwangu kutoka Magharibi mwa Kenya kwa sababu ya kidonda cha kisigino. Sukari ilikuwa juu, na kidonda kilikataa kufunga. Alipofikishwa wadini aliombwa kuingia kwenye uchunguzi huo, akakubali upesi kwa kuwa alisikia neno "kukandwa." Aliokota karatasi yake. Ilikuwa "bila."

Kitanda cha pili, kando yake, alilala mwanamke wa rika lake aliyepata "na." Kila siku mama alitazama mwenzake akilowekwa miguu, akikandwa mgongo, akiulizwa habari za wajukuu na mtu asiye na haraka. Yeye alidungwa sindano, akafungwa bendeji, basi.

"Mimi nimenyimwa," aliniambia.

"Hujanyimwa, Mama. Ni bahati nasibu."

"Na bahati nasibu iliwahi kumpa nani mguu?"

Sikupata usingizi mzuri wiki ile. Nilikuwa nimeona mtu wa korti yetu akikatwa mguu hivi hivi, kuanzia kidole, kisha kifundo, kisha goti. Kila nilipofika kazini, kwenye kibanda changu cha kushonea pazia Kariobangi, nilisikia mashine ikiniuliza: unafanya nini, unafanya nini? Siku ya nne nilivuka barabara hadi kwa mama mmoja anayeuza unga wa majani ndani ya mitungi iliyokuwa ya mayonezi. Nilimweleza. Akanifungia unga wa kijani kwenye gazeti.

"Kijiko kimoja asubuhi. Ni mchungu, lakini sukari itauogopa."

Nilitia viwili. Nilikoroga kwenye chai nzito ya tangawizi na ndimu ili kufunika harufu. Saa saba nilifika mlangoni pa wadi, nikafungua kifuniko. Sista aliinama, akanusa. Akanusa mara ya pili. Kisha akasema, "Tangawizi. Pita."

Nilipita nikijiona mjanja kuliko watu wote wa Nairobi.

Siku ya pili, vivyo hivyo. Siku ya tatu daktari alisimama kitandani pa mama akitabasamu: sukari inashuka vizuri, tuendelee. Mama alinikonyeza. Sista, rejista mkononi, aliandika namba, akamuuliza maswali yake ya kila siku. Umelala? Umekula? Maumivu? Umetumia dawa yoyote kutoka nje?

"Hapana, Sista," mama akajibu kama mtoto wa shule.

"Hapana," Sista akaandika.

Siku ya nne ya unga ule nilimpa chai, akanywa yote, nikaanza kumchana nywele. Baada ya muda nikaona kitana kinateleza, maana kichwa kilikuwa kimelowa jasho. Shingo imelowa. Shuka limelowa. Midomo ilimtetemeka. Alinitazama akaniita kwa jina la dada yake, aliyekufa mimi nikiwa darasa la tatu, akamwambia afunge ng'ombe kwa sababu mvua inakuja.

Nilipiga kelele. Sista alifika kabla kelele haijaisha. Alimchoma kidole, akatazama kipimo, akamwambia nesi mmoja alete glukosi mbio. Kisha akanigeukia.

"Amekunywa nini?"

"Hakuna, Sista. Chai tu."

Nilisema hivyo mama yangu akiwa ananitazama kwa macho yasiyonijua. Mpaka leo sielewi ulimi ulitoa wapi nguvu ya kusema hivyo. Nilichoogopa wakati ule, Mungu anisamehe, ni kusemwa mbele ya wadi.

Sista alikuja akasimama karibu nami kabisa, akashusha sauti. "Mama Brayo. Mimi si askari. Ulimpa nini, saa ngapi, vijiko vingapi? Nataka kumsaidia, na sijui ninapigana na nini."

Nikamwambia. Unga, vijiko viwili, siku nne. Hakunigombeza. Alimpigia daktari, akamtajia kila kitu taratibu kama mtu anayesoma anwani. Glukosi iliingia mshipani. Tukangoja. Sijawahi kungoja vile. Nesi alikuwa akihesabu mapigo, Tabibu amesimama miguuni pa kitanda akiwa na taulo mkononi, amesahau kuliweka chini, na mwanamke wa kitanda cha pili anasali kwa Kikamba.

Mama alipepesa macho. Akaniangalia. "Mbona mmeniloanisha?" akauliza kwa hasira.

Nilikaa sakafuni nikalia. Sista hakuniacha nilie sana. Aliniambia unga ule bado uko mwilini na sukari inaweza kuanguka tena, kwa hivyo nikae nimshike mama mkono, nimwongeleshe, na akianza kusema upuuzi nimwite. Alimpima kila nusu saa mpaka giza lilipoingia, naye zamu yake ilikuwa imekwisha zamani.

Kesho yake niliitwa ofisini. Walikuwepo daktari, msimamizi wa hospitali, Tabibu, na Sista. Nilijua ninafukuzwa, labda na mama yangu pamoja nami. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha tangu alfajiri. Sikuyatumia, kwa sababu Sista alianza.

"Huyu mama amekosa," akasema, akiniashiria kwa kidevu. "Lakini mimi nilinusa. Siku ya kwanza nilinusa. Tangawizi haina uchungu ule."

Daktari alimwangalia. "Ulinusa ukamruhusu?"

"Nilimruhusu."

"Kwa sababu ni jirani yako?"

Ungekuwa mlango wa kutokea, na mimi nilitamani aupite. Sista alitikisa kichwa.

"Siku ya kwanza, labda. Nilijiambia ni chai tu, nisimwaibishe. Lakini asubuhi iliyofuata sukari ilikuwa imeshuka. Na huyu mgonjwa yuko kundi la bila." Alimgeukia Tabibu. "Nikaona, ahaa, hata bila mabeseni ya huyu bwana mtu anapona. Niliipenda ile namba. Niliipenda mno hata sikutaka kujua imetoka wapi. Nikaandika hapana, nikijua ni ndiyo."

Tabibu alikuwa akitazama mikono yake. Mimi niliona aibu ambayo haikuwa yangu, na ilikuwa nzito kuliko yangu.

"Na kuna jambo baya zaidi," Sista akaendelea. "Miezi yote hii, hakuna mgonjwa hata mmoja aliyewahi kuniambia ndiyo. Hata mmoja! Wagonjwa wa mitaa yetu hii ya Eastlands, kila nyumba na mzizi wake! Nani atakubali mbele yangu? Nimewafundisha kudanganya, halafu nimeandika uongo wao kwa kalamu nyeusi. Rejista hii haifai. Tuanze upya."

Msimamizi alisema haiwezekani, wakubwa wanasubiri ripoti. Sista alisema basi awapelekee, lakini sahihi yake haitakuwemo. Akaiweka rejista mezani akatoka. Alipewa barua ya onyo. Kwa wiki kadhaa hakujua kama atapewa nyingine ya kumwachisha kazi, na alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu. Nilimwona jioni akirudi kushika kitasa mara nne, mara tano. Nikimsalimia, alijibu kama mtu aliyeamshwa.

Nilimpelekea chapati, nikamwambia pole, yote ni kwa ajili yangu.

"Si kwa ajili yako," akasema. "Usijipe ukubwa. Kula chapati moja uniachie mbili."

Siku zile zile alifanya jambo ambalo wauguzi wake walinisimulia wakicheka na kushangaa. Aliingia wadini bila rejista. Alivuta kiti, akaketi kando ya kitanda cha kwanza, usawa wa mgonjwa, na kusema, "Mama, mimi mwenyewe nikiwa na mafua hujifukiza majani ya mkaratusi. Wewe unatumia nini?" Mama yule akatazama mlangoni. Kisha akainua mto. Chini ya mto kulikuwa na chupa ya soda iliyojaa kitu cheusi. Kitanda cha pili, vidonge kutoka kwa muuzaji wa barabarani. Kitanda cha tatu, mizizi ndani ya soksi. Walipomaliza, kaunta ya wauguzi ilionekana kama kibanda cha sokoni, na hakuna aliyegombezwa. Wengine walikuwa kundi la "na," wengine la "bila." Daktari alipoiona kaunta ile ndipo alipokwenda kwa msimamizi mwenyewe, na wakaanza upya.

Siri yangu ya blanketi, niliyoificha miaka yote, aliitangaza yeye wadi nzima. Nilijisikia kama mtu aliyeporwa.

Uchunguzi ulipokwisha, hakuna aliyefurahi. Sista alinieleza matokeo tukiwa tumeketi kwenye ngazi ya korti, akimenya njugu. Waliolowekwa miguu na kukandwa walilala vizuri zaidi, na malalamiko yao ya miguu kuwaka moto usiku yalipungua. Vidonda vilionwa mapema, kwa kuwa kulikuwa na mtu anayeitazama miguu kila siku. Lakini sukari ilikuwa ile ile kwa makundi yote mawili. Hawakutoka hospitali mapema kuliko wenzao. Na ile chai ya jioni haikuonyesha faida yoyote, ikaondolewa.

"Kwa hivyo tiba ilifaulu ama haikufaulu?" nikauliza.

"Ndiyo hilo swali baya," akasema. "Iliwalaza usingizi. Haikuwaponya sukari. Mtu akikwambia moja bila kukwambia la pili, mkimbie."

Hospitali ilimbakiza Tabibu na mabeseni yake. Yeye na Sista waliendelea kubishana juu ya maji ya moto mpaka siku ya Sista kustaafu, na siku hiyo, nasikia, ni Tabibu aliyelia.

Mama yangu alirudi nyumbani na miguu yote miwili. Aliishi miaka mingine, akafa kwa ugonjwa mwingine kabisa, kitandani pake. Sista alikuja kwenye matanga, akaosha vyombo siku mbili, na hakuhubiri.

Baadaye alihamia Njiru, kwenye nyumba aliyoijenga kidogo kidogo. Tulipigiana simu Krismasi, Pasaka, halafu Krismasi tu. Mwaka huu bintiye alinipigia akasema Sista ananiulizia.

Nilimkuta ameketi sebuleni, mguu mmoja juu ya stuli. Amekonda. Goti lilikuwa limevimba kama papai, na fimbo ya kutembelea imelala chini mbali naye, kana kwamba aliitupa. Tuliongea habari za korti, nani amehama, nani amezika. Kisha akaanza kukunja na kukunjua pindo la leso.

"Wanataka kunipasua," akasema. "Wabadilishe goti. Tabibu alikuja kunikanda, nikamwambia afadhali mikono yake. Unajua alinijibu nini? Akasema, Sista, mimi nakupunguzia maumivu ya jioni, lakini mfupa umekwisha, siwezi kuujenga. Nenda."

"Na wewe unaonaje?"

"Nimewapeleka watu chumba cha upasuaji maisha yangu yote. Nimewaambia, hakuna cha kuogopa, hesabu moja mpaka kumi. Sikuwahi kujua nawaambia nini." Alinitazama. "Naogopa, Mama Brayo. Nikilala nisiamke? Wewe ungefanyaje?"

Nilitafuta msemo wake mmojawapo nimrudishie. Ulimi ulikataa.

"Sijui, Sista," nikasema. "Kweli sijui."

Alivuta pumzi ndefu, mabega yakashuka kidogo.

"Ni lini?" nikauliza.

"Alhamisi. Saa mbili niwe nimefika."

"Nitakuja tuende pamoja."

"Una kazi yako."

"Pazia zitangoja."

Alhamisi nilifika kwake saa kumi na mbili na nusu, nusu saa kabla ya tulivyopatana. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka barabarani. Sista alikuwa nje, juu ya kiti cha plastiki, amevaa sweta na viatu vya kanisani, mkoba mapajani ameukumbatia kwa mikono miwili.

"Umechelewa," akasema, akaninyooshea mkono nimwinue.